Radhi Tuliyomnyang'anya

Mimi ni katika watoto wachache wa upande wetu waliotoka Pemba na mkoba wa ukili wakarudi na diploma. Nalisema hili bila ya kuona haya, maana hakuna aliyenishika mkono. Baba yangu alikuwa mchumaji wa karafuu za watu. Yeye mwenyewe hakuwa na mkarafuu hata mmoja. Mama yangu akisuka mikeka. Leo nina nyumba ya matofali hapa Wawi, yenye madirisha ya vioo, niliyoijenga kwa kazi ya ualimu katika nchi tatu. Skuli zikitafuta mtu wa kuzungumza na watoto kabla ya mitihani, huitwa mimi. Nami huenda, na sijapata kuambiwa kwamba sikusema vizuri.

Mwaka jana niliitwa nizungumze na walimu juu ya watoto wanaoonewa na wenzao. Nilizungumza saa nzima bila ya karatasi. Nilipomaliza, mwalimu mmoja kijana, mwanamke, akanyanyua mkono.

"Na wewe, mzee wetu, ulipokuwa skuli walikuonea?"

"Walinionea sana," nikajibu.

Chumba kizima kikasikitika. Mwengine akanong'ona, "Tazama sasa alipofika, mashaallah." Nikainamisha kichwa kama mtu aliyeguswa na kumbukumbu, na kweli nilikuwa nimeguswa, lakini si kwa walichodhani wao. Hakuna mtoto aliyenionea mimi. Mimi ndiye niliyeonea. Nimeuchukua uwongo ule mpaka nyumbani, nikaona kwamba nisipoandika, nitakufa nao.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini. Nilikuwa monita wa darasa, na katika masomo yote nilikuwa wa kwanza, bila ya mtu wa kunikaribia. Mwanzo wa mwaka akaletwa mtoto kutoka Kojani. Kojani ni kisiwa kidogo cha wavuvi upande wa mashariki, hakiendeki ila kwa chombo, na wakati ule mtoto wa huko akitaka kusoma zaidi ya madarasa ya chini ilibidi avuke maji akakae kwa jamaa. Huyu alikuja kukaa Wawi kwa shangazi yake, mjane aliyekuwa akiuza ng'onda, wale samaki wanaopasuliwa na kukaushwa juani.

Alikuwa mwembamba, mrefu kuliko mimi, na kanzu yake ilikuwa fupi kwa sababu ilishonwa kabla hajarefuka. Hakusema mengi. Siku ya tatu, mwalimu wetu wa hesabu alisoma swali la kichwa, na kabla sijamaliza kulipanga akilini, sauti ikatoka nyuma ikataja jibu. Mwalimu akasoma la pili. Sauti ile ile ikajibu. La tatu vile vile.

"Monita," mwalimu akasema, "leo umelala?"

Darasa likacheka. Hicho kilikuwa kicheko cha kwanza, na nilichekwa mimi. Nakikumbuka kuliko siku niliyopokea diploma yangu.

Kicheko cha pili kilikuja wiki ile ile. Mwalimu alimwambia mgeni asome kitabu kwa sauti. Akasoma kwa lafudhi ya kwao, maneno yakipanda na kushuka kama wasemavyo watu wa Kojani, na kila penye "mtu" akasema "ntu", na kila penye "mtoto" akasema "ntoto". Mwalimu hakuwa mtu mbaya. Alicheka tu, kidogo, akafuta miwani yake na kusema, "Haya, nahodha, tia nanga, inatosha." Yeye alicheka mara moja. Sisi tukacheka mwaka mzima.

Nimesoma vitabu vingi juu ya jambo hili, na nimetahiniwa, nikapasi. Lakini lile ninaloliamini kwa moyo nililiona siku ile nikiwa na umri wa miaka kumi na tatu: watoto hawaanzi mpaka waone kwamba mlango umefunguliwa, na mara nyingi anayeufungua ni mkubwa, naye hajui kama ameufungua.

Tulianza na pua. Akipita, mmoja wetu husema, "Zibeni, pwani inapita," na wote tukaziba pua. Kisha tukaanza kumwita Ng'onda. Kisha tukamjaza makonyo ya karafuu, vile vijiti vinavyobaki zikishachambuliwa, katika mkoba wake, na kuficha kofia yake, na kumwambia kila asubuhi, "Nahodha, leo bahari ikoje?" Mimi mwenyewe sikuwa nikimgusa. Nilikuwa na watu wangu. Nilikuwa nikitazama, na wao walikuwa wakinitazama nikitazama, na hiyo ilitosha.

Baada ya alasiri sote tulikuwa tukienda chuoni kusoma Kurani, yeye pamoja nasi. Siku moja mwalimu wa chuo alitufundisha kuhusu haki ya Mungu na haki ya mja. Alisema Mwenyezi Mungu husamehe haki yake, lakini haki ya mja hasamehi mpaka mja mwenyewe aridhie. Siku ya Kiama aliyemdhulumu mwenzake atatoa mema yake ampe aliyemdhulumu, na mema yakiisha atabebeshwa maovu ya yule. Alilisema hilo polepole huku akitutazama mmoja mmoja.

Niliogopa. Mimi nilikuwa na juzuu nyingi kichwani, na nilikuwa nikijihesabia kwamba mema yangu ni mengi. Sasa nikaona yote yanakwenda kwa mtoto wa Kojani, apande nayo peponi kama alivyozoea kunipita katika hesabu.

Mtoto mwengine pengine angeacha. Mimi nilitafuta njia, na akili yangu, ambayo watu wameisifu katika nchi tatu, ikaipata.

Jioni ile tulimngoja njia panda, pale inapoachana njia ya kisimani na njia ya kwa shangazi yake. Nikamnyooshea mkono.

"Tuwie radhi," nikamwambia.

Akatutazama. Nadhani alidhani tumeingiwa na imani. "Nshakuwieni," akasema, akatabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitabasamu tangu aje. Tukapeana naye mikono mmoja mmoja, na alipogeuka, wa nyuma kabisa akajipangusa mkono kwa mchanga, na sote tukacheka.

Tangu hapo ikawa desturi. Mchana tunamfanyia tuliyoyataka, jioni tunamsimamisha njia panda.

"Haya, toa radhi."

"Nshatoa."

"Sema sawasawa. Sema, nimekuwieni radhi duniani na akhera."

"Nimekuwieni radhi duniani na akhera."

"Mbona umenuna? Radhi ya kununa haisihi!"

Basi akasema tena, bila ya kununa. Tulikuwa tunasimama kwa mstari kama watu wanaongojea zamu ya kuteka maji. Siku ya Jumatano, kwa kuwa Alkhamisi na Ijumaa chuo kilifungwa na hatukupata kuonana naye njiani, nilimdai radhi ya siku zilizokuwa zikija. Mmoja katika wenzangu akauliza kama inafaa kusamehewa jambo ambalo hujalifanya bado. Nikamwambia inafaa, muhimu ni nia. Mimi ndiye niliyekuwa msomi wao, hakuna aliyebisha.

Mtu wa mahali pengine huenda asielewe uzito wa jambo hili. Kumpiga mtoto ni kumpiga. Sisi tulimnyang'anya hata kile ambacho dini imempa mnyonge kiwe ngao yake. Alikwenda kwao kila jioni hana hata haki ya kukasirika, kwa sababu keshaitoa kwa mdomo wake.

Ulipoingia msimu wa karafuu, baba yake alikuja kumtazama. Alitoka Kojani alfajiri na mtungo wa samaki kwa ajili ya mwalimu wetu. Alikuwa mtu wa makamo, mweusi kwa jua, na sauti yake ilikuwa kubwa, sauti ya mtu aliyezoea kuita kutoka chombo hadi chombo. Darasa lilikuwa limeshaanza. Yeye hakuwa amepata kuingia skuli, alijua chuo tu cha Kurani. Basi alivua ndara zake mlangoni, akatoa salamu, akaingia, akakaa chini kwenye saruji kwa kukunja miguu, mbele ya madeski yetu, mtungo wa samaki mapajani, akimngoja mwalimu amalize dua.

Mwalimu alikuwa akiandika ubaoni. Aligeuka, akamwona, chaki ikabaki mkononi. Kwa muda mtu mzima yule alikaa chini akitutazama sisi tulioko juu, na alikuwa na furaha usoni, furaha ya mzazi aliyemkuta mwanawe kati ya wenye elimu.

"Karibu, mzee, njoo nje tuzungumze," mwalimu akasema hatimaye, akamtoa kwa heshima.

Wakati wa mapumziko baba mtu alikuwa angali pale barazani na mwalimu. Nasi tulikuwa nyuma ya jengo. Mimi mwenyewe, sikumtuma mtu, nilikaa chini nikakunja miguu, nikaweka bakuli mapajani, nikapaza sauti: "Shehe! Nimekuletea vibua! Nfundishe ntoto wangu!" Wenzangu walianguka kwa kicheko. Nikanyanyua uso nikamwona mtoto wa Kojani amesimama kwenye pembe ya ukuta. Kengele ikalia.

Jioni tulimngoja mahali petu.

"Tuwie radhi," nikasema, nikanyoosha mkono.

Mkono wake haukuja.

"Yangu nshakuwieni," akasema. "Ya baba si yangu mie."

"Sema, acha maneno."

"Mwende mkamwombe mwenyewe. Yuko kwa shangazi mpaka kesho."

Wenzangu wakanitazama. Nikasema, "Hebu mtazameni huyu, amekuwa kadhi!" Hakuna aliyecheka. Akapita katikati yetu, na hakuna aliyemzuia. Ilikuwa nyumba ya nne tu kutoka pale. Ningalikwenda, baba yake angalinisamehe kabla sijamaliza kusema, na huenda angalinipa samaki. Sikwenda. Nilikuwa monita, nilikuwa wa kwanza, na ni mimi mtoto wa mchumaji karafuu niliyekuwa nikitembea na watoto wa wenye mashamba. Niliona nikipiga magoti mbele ya mvuvi siku moja, nitarudi nilikotoka.

Badala yake niliamuru asusiwe. Neno hilo sikulibuni. Ilikuwa miaka ya siasa, na wakubwa wetu walikuwa wakisusiana: mtu hanunui dukani kwa asiye wa chama chake, hahudhurii harusi yake, pengine hata maziko yake. Sisi tulikuwa tukiyaona. Nikawaambia wenzangu, "Kuanzia kesho asisemeshwe, asiulizwe, asiazimwe hata kifutio." Ikawa hivyo. Aliyekaa naye deski moja alihama. Akiuliza kitu, hewa ilimjibu. Naukumbuka mpaka leo ukimya ule: watoto arobaini wanazungumza, na mmoja kati yao hasikiki.

Alivumilia siku kumi na mbili. Ya kumi na tatu hakuja.

Mwisho wa wiki mwalimu mkuu aliingia na daftari la mahudhurio. Majina ya watakaofanya mtihani wa kwenda madarasa ya juu yalikuwa yapelekwe wiki ile, na katika skuli nzima watu wawili tu ndio waliotazamiwa kwa hakika kupasi, mimi na yeye.

"Monita, huyu wa Kojani yuko wapi?"

Nilijua alipo. Jana yake nilikutana na shangazi yake kisimani.

"Mwanangu," aliniambia, "mwenzio hataki kwenda skuli. Anakaa tu ndani kageukia ukuta. Kuna nini kwani huko?"

"Hamna kitu, bi."

"Hajagombana na mtu?"

"Hajagombana na mtu, bi."

"Basi mpitie asubuhi mwende pamoja, weye atakusikiliza. Kila siku yeye hukutaja kwa kukusifu."

Nikamwambia nitampitia. Sikumpitia. Na mwalimu mkuu aliponiuliza, nilisimama, nikafunga mikono nyuma kama ilivyotakiwa, nikasema:

"Kaenda dago, mwalimu."

Dago ni kambi ya wavuvi. Watu wa Kojani huhama na vyombo vyao kufuata samaki, wakakaa pwani za mbali miezi miwili au mitatu, na mara nyingi huchukua na watoto wao. Kila mwalimu wa Pemba alijua hilo, na kila mwalimu alikuwa amepoteza wanafunzi kwa ajili yake. Ndiyo maana hakuuliza la pili. Alitikisa kichwa, akasema, "Hawa watu na dago lao," akapiga mstari juu ya jina. Kama ningesema anaumwa, wangetuma mtu amtazame. Kama ningesema sijui, wangetuma mtu amtafute. Nilichagua jambo la kweli la watu wao, nikaufichia humo uwongo wangu, na mlango ukafungwa bila ya kelele.

Wiki tatu baadaye, asubuhi ya mtihani, tulikuwa tumepanga mstari nje ya chumba. Tukamwona anakuja. Kanzu yake ilikuwa imefuliwa, bado ina unyevu. Baada yake alikuja shangazi yake, akasimama mbali kidogo. Mtoto akamwendea mwalimu mkuu, akatoa salamu.

"Wewe si ulikwenda dago?" mwalimu mkuu akamuuliza.

"Sikwenda dago, mwalimu. Nilikuwa Wawi."

"Jina lako halimo. Limekatwa."

"Sikwenda dago, mwalimu."

Mwalimu mkuu akanigeukia. "Monita. Huyu alikwenda dago, hakwenda?"

Nimewahi kuulizwa maswali na wakubwa wengi, weusi na weupe, katika kumbi kubwa. Hakuna swali lililokuwa jepesi kuliko lile. Mtoto wa Kojani hakunitazama kwa chuki. Alinitazama kama mtu anayengojea jibu la hesabu ambalo yeye analijua na ana yakini kwamba mwenzake pia analijua.

"Alikwenda, mwalimu," nikasema.

Shangazi yake akaniita kwa jina, mara moja, si kwa ukali. Nikaangalia chini. Mlango ukafunguliwa, tukaingia, na mimi nikafanya mtihani wangu. Nikawa wa kwanza Pemba upande wetu, nikapelekwa Unguja, na kutoka Unguja nikaenda mbele, na kila nilipofika nilihesabiwa kuwa mtu aliyejifanya mwenyewe.

Nimefundisha miaka mingi. Katika skuli zote nilizoziongoza sikukubali monita ndiye aseme mtoto aliyekosekana yuko wapi. Nilikwenda mwenyewe, kwa miguu au kwa baskeli, nikabisha hodi. Walimu walinilalamikia kwamba napoteza wakati. Nilikuta watoto wanaumwa, nilikuta wanaochuma karafuu, nilikuta walioko dago kweli. Na mara kwa mara nilikuta mmoja kageukia ukuta. Huyo nilikuwa nikikaa naye. Sikumuuliza nani kamfanya nini. Nilimuuliza nani anayezungumza naye. Akishindwa kunitajia hata mmoja, nilijua. Wengi wao walirudi, na baadhi yao ni watu wakubwa leo. Watu wamenisifia kwa kazi hiyo, na mimi nimezipokea sifa zao.

Baada ya yule mwalimu kijana kuniuliza swali lake, nilikaa wiki mbili, kisha nikavuka kwenda Kojani. Niliuliza, nikaoneshwa nyumba. Alikuwa barazani anatia nyuzi wavu mpya. Mvi tupu, bado mrefu. Alinijua kabla sijajitambulisha, akainuka, akanipisha mahali pake pa kukaa, akaita maji na kahawa.

Nilikuwa nimetayarisha maneno mazuri. Sikuyafikisha nusu.

"Hayo ya kitoto, shehe," akasema. "Yangu yalikwisha kule kule."

"Na ya mzee?"

Akauvuta uzi kwa meno. "Mzee keshatangulia. Hilo mtakutana huko wenyewe." Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayekuelekeza njia.

Tukanywa kahawa. Watoto walipita wakatusalimu, akawajibu kila mmoja. Kisha, bila ya kuacha kazi yake, akaniuliza:

"Hebu nambie. Siku ile waliuliza nini?"

Sikufahamu.

"Mtihani. Hesabu. Waliuliza nini?"

Nilikuwa nimesahau karibu yote, lakini moja nalikumbuka, maana lilinisumbua. Nikamwambia: birika lina mifereji miwili, mmoja ukifunguliwa peke yake hulijaza kwa saa nne, wa pili kwa saa kumi na mbili. Ikifunguliwa pamoja, litajaa kwa saa ngapi?

Akaweka wavu chini. Akafumba macho, na kidole chake cha shahada kikaanza kuandika juu ya goti. Kiliandika, kikafuta, kikaandika tena. Nilingoja. Nilitamani alipate kuliko nilivyopata kutamani jambo langu lolote. Nilitaka hata kumnong'oneza.

Baada ya muda akafumbua macho, akautazama mkono wake.

"Zamani ningeliiweza," akasema, akaokota wavu wake.